Kabla hamjaingia na hicho kipimo

Zuhura,

Salamu, za nyumbani tutaulizana siku nyingine. Sele kaniambia umeshanunua kipima sumaku na Jumamosi mnaingia kwenye lile jumba kusaka mizuka. Naandika mbiombio kabla hicho kidude hakijawatia wazimu.

Hakipimi mzuka hicho. Kinapima uga wa sumaku, na nyaya zinazopitisha umeme ukutani zinautoa, iwe usiku au mchana. Ingieni jua lingali juu, mpite kila chumba na daftari: kwenye swichi kuu, nyuma ya friji, katikati ya chumba, muandike miligausi, yaani kipimo cha nguvu ya uga huo, za kila mahali. Kama chako ni cha kusoma upande mmoja, kigeuze pande tatu hapo hapo uandike zote. Bila namba za mchana, za usiku hazina maana.

Kinasa sauti nacho. Mwanaidi asikishike mkononi, namjua! Vidole vikisugua plastiki, kwenye rekodi unasikia mnong'ono. Kikae juu ya kitambaa, kirekodi faili za WAV zisizobanwa, maana MP3 inabana sauti na kuharibu zile hafifu. Ulizeni swali moja, mnyamaze sekunde 20. Akikohoa mtu, aseme papo hapo, "Ni mimi." Kusikiliza, kila mmoja peke yake, aandike alichosikia kabla ya kuambiana; ukishaambiwa "limesema toka", hutasikia kingine.

Picha zenye viduara vyeupe ni vumbi lililomulikwa na flashi. Futa.

Ah, kipimo tena: simu zote zizimwe. Si kuziondoa mlio, kuzizima. Simu ikitafuta mtandao kipimo kinaruka, halafu Sele anaapa kajibiwa.

Na kama kuna tanuri au hita ya gesi, bebeni kengele ya kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu. Mwaka 1921 daktari wa macho Marekani, William Wilmer, aliandika habari za familia iliyosikia nyayo na kuona watu usiku. Kumbe tanuri bovu lilikuwa likiwavujishia moshi wenye gesi hiyo ndani. Kichwa kikiwauma wote, tokeni nje kwanza.

Sasa nijibu: mwenye jumba katoa ruhusa kwa maandishi, au ni maneno ya Sele? Umeme bado umeunganishwa? Sakafu ya juu mmeikagua mchana? Betri za akiba nani anabeba? Na wewe, usingizi unao, au unataka kukesha ukiwa hoi uanze kuona mambo?

Wako,
Rehema