Maji yakipungua nguvu msikimbilie pampu

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenichosha. Mimi ni fundi bomba, na siku hizi nikiitwa kwenye nyumba ambayo maji yanachuruzika tu, nakuta mwenye nyumba kashaambiwa na fundi aliyenitangulia anunue pampu. Huyo fundi hajafungua hata koki moja, hajauliza kama ni nyumba nzima au bafuni tu, yeye ni pampu. Mafundi wenzangu mtanisamehe lakini huo sio ufundi, hiyo ni biashara.

Mara nyingi shida ni uchafu. Kama koki moja ndio inasumbua na zingine ziko poa, angalia kale kachujio ka wavu kwenye mdomo wa koki, watu wanaishi nako miaka na hawajui kama kanafunguka. Zungushia kitambaa ufungue na spana, ukikapindua utakuta mchanga, vipande vya kutu na ule ukoko mweupe wa chokaa. Mchanga suuza tu, chokaa loweka kwenye siki masaa kadhaa halafu sugua na mswaki wa zamani, na shawa nayo ni hivyo hivyo. Ila kabla hujakarudisha acha maji yatoke kwanza bila kachujio, la sivyo takataka zilizobaki ndani zinakuja kuziba palepale na utasema fundi muongo.

Maji ya baridi yakiwa mazuri ila ya moto yanasuasua, mtuhumiwa wa kwanza ni hita. Mashapo yanatulia chini, na ikianza kugonga-gonga ikipata moto ujue yameshakuwa tabaka. Hapo zima umeme, iache ipoe, toa uchafu kwa koki yake ya chini, na usiiwashe tena mpaka ijae maji maana ikiwaka tupu inaungua. Usipojiamini ita mtu.

Sasa ikiwa ni nyumba nzima ndio kazi inaanza. Angalia valvu kuu, yaani ile koki kubwa ya kufungia maji ya nyumba nzima, hizi geti valvu za zamani (zinazofunga kwa ulimi unaoshuka) ule ulimi wa ndani unaweza kukatika ukabaki umeziba nusu huku wewe juu unazungusha unaona imefunguka yote. Angalia na chujio la karibu na mita kama lipo. Halafu panda kwenye tenki, kama bomba la kutolea maji limechomekwa chini kabisa basi linakunywa tope kila siku, lilitakiwa likae juu kidogo na tope liwe na tundu lake la kutokea. Na hapa niseme kitu, watu wananunua tenki kubwa wakidhani presha itaongezeka, haiongezeki jamani! Presha inaletwa na kimo, mita 10 za kimo ni kama bar 1 (bar ni kipimo cha presha), kwa hiyo tenki lililo mita 3 juu ya shawa linakupa bar 0.3 tu hata likiwa la lita 10,000.

Mabomba ya chuma ya zamani hayo ni habari nyingine. Kutu inaota kwa ndani mpaka bomba la nusu inchi linabaki na tundu la kupitisha penseli, na dawa yake ni kubadilisha tu, hakuna kusafisha. Ukiweka pampu hapo ni sawa na kumfokea mtu aliyekabwa na mfupa, nguvu inaongezeka ila njia ni ileile, kutu inabanduka inaenda kuziba mbele na viungo vilivyooza vinaanza kuvuja.

Sisemi pampu haina kazi, tenki likiwa chini na nyumba ni ya ghorofa utafanyaje. Ila ivute kutoka kwenye tenki, isivute moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, maana ikinyonya inaweza kuingiza maji machafu kupitia nyufa za bomba na majirani nao wanabaki wakavu.

Mwenye nyumba, kabla fundi hajagusa kitu weka ndoo ya lita 20 chini ya koki uhesabu dakika, ikijaa kwa dakika 2 ni lita 10 kwa dakika, andika pembeni. Akimaliza pima tena koki ileile, naye akiwepo, halafu ndio mzungumze hela.

Ni mimi msomaji wako, fundi bomba.