Barua kwa wakili: kwa nini sisemi "ndiyo"

Wakili wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nimekunja uso. Unalalamika kwamba sisi watu wa maabara tukipanda kizimbani tunakuwa kama tumemeza mchanga. Wewe unauliza swali la ndiyo au hapana, sisi tunajibu "inawiana na", "haiwezekani kuiondoa", "kwa kiasi fulani". Ukaongeza kwamba hata shahidi aliyeona tukio usiku bila taa hujibu kwa uhakika kutushinda. Ni kweli kabisa, na hapo ndipo ninapogombana nawe.

Nianze na kioo, maana ndicho kilichonitia adabu. Unachukua kipande kidogo kuliko punje ya sukari, unakizamisha kwenye mafuta ya silikoni, unakiweka chini ya hadubini, kisha unaanza kuyapasha mafuta moto polepole. Mwanga hupinda ukiingia kwenye kioo, na hupinda pia ukiingia kwenye mafuta. Joto likipanda, uwezo wa mafuta wa kupinda mwanga hushuka haraka, ilhali ule wa kioo karibu haubadiliki. Kuna joto moja ambalo vyote viwili vinapinda sawasawa, na hapo kingo za kipande zinafutika. Kioo kinatoweka huku unakitazama. Nimeliona hilo mara nyingi na bado hunifurahisha kama mtoto. Joto hilo ukilijua unapata namba ya jinsi kioo kinavyopinda mwanga, ambayo kwa kioo cha kawaida cha dirisha ni karibu 1.52, na kesi yote hubaki kwenye tarakimu ya nne na ya tano baada ya nukta.

Siku za kujifunza nilipewa vipande viwili, kimoja cha dirisha lililovunjwa na kingine kilichokung'utwa kutoka kwenye shati. Namba zikatoka sawa. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: "Vimetoka kwenye dirisha moja." Msimamizi wangu akaikata sentensi kwa kalamu nyekundu, akauliza kitu kimoja tu: "Umepima madirisha mangapi mengine?"

Sikuwa nimepima hata moja.

Hilo swali, ndugu yangu, ndilo linalotufunga midomo. Mwaka 1959 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilitangaza njia ya kumimina kioo cha moto juu ya bati lililoyeyuka, na tangu njia hiyo ienee vioo vya madirisha vimekuwa vikifanana mno. Mjenzi anafurahi, mpelelezi analia, kwa sababu kadiri kiwanda kinavyofanya kazi yake vizuri ndivyo bidhaa zake zinavyokosa cha kuzitofautisha. Ndiyo maana siku hizi tunakwenda mbali zaidi, tunaunguza chembe kwa leza na kupima vijisehemu vya strontiamu na zirkoniamu vilivyomo ndani yake. Kipimo kimekuwa kikali zaidi. Swali la kalamu nyekundu liko palepale.

Sasa nikupe mfano utakaokuuma kama mwanasheria. Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili, madini ni risasi na kinachotoka kwenye mtutu ni risasi. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, nayo kwa njia yake ilichanganya hayo mawili kwa miongo kadhaa. Tangu miaka ya 1960 maabara yake ilipima madini ya risasi yaliyotolewa kwenye mwili wa marehemu na kuyalinganisha na yale ya risasi zilizokutwa kwa mshtakiwa. Waliangalia uchafu mdogo uliomo ndani, kama aseniki, antimoni, bati, shaba, bismuthi, fedha na kadimi. Zikilingana, mtaalamu alisimama na kuliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba huenda zilitoka kwenye kasha moja. Hebu fikiria uzito wa maneno hayo masikioni mwa watu kumi na wawili ambao hawajawahi kuona tanuri.

Tanuri ndilo lilipaswa kuulizwa. Sehemu kubwa ya risasi hiyo hutoka kwenye betri kuukuu za magari zilizoyeyushwa upya. Mwaka 2004 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ilitoa ripoti yake, na hesabu iliyomo inatosha kumaliza ubishi. Myeyusho mmoja wenye mchanganyiko uleule unaweza kutoa risasi ndogo 12,000, au unaweza kutoa milioni 35. Tena kasha moja la dukani linaweza kuwa na risasi za myeyusho zaidi ya mmoja. Kwa hiyo mbili zinazolingana zaweza kuwa hazijawahi kukaribiana, na mbili zilizolala kasha moja zaweza kutofautiana. Mwaka 2005 FBI iliacha kipimo hicho.

Kilichonishangaza ni kwamba kamati haikuona tatizo kubwa katika upimaji wenyewe. Mashine zilisema kweli. Uongo, kama tukiuita hivyo, ulizaliwa katika ile hatua moja fupi kutoka kwenye namba hadi kwenye sentensi. Na wanafizikia hatukufundishwa kuandika sentensi, tulifundishwa kupima, ukiacha wachache waliobahatika kukutana na kalamu nyekundu.

Najua utasema: basi leteni namba za ulinganisho, tuzisikie. Tunaleta. Unaikumbuka ile kesi ya Uingereza ya mauaji ya mtangazaji Jill Dando, mwaka 1999? Kwenye mfuko wa koti la mshtakiwa ilipatikana chembe moja ya masalia ya kufyatua bunduki, yale ambayo huonekana tu kwa hadubini ya elektroni. Chembe moja! Akatiwa hatiani mwaka 2001. Kwenye rufaa ya 2007 wataalamu walieleza jambo ambalo halikuwekwa wazi hivyo mwanzoni, kwamba uwezekano wa kuikuta chembe hiyo kama ndiye aliyefyatua, na uwezekano wa kuikuta kama siye, ulikuwa sawa. Kipimo cha haki hakikuinama upande wowote. Hukumu ikatenguliwa, kesi ikasikilizwa upya, na mwaka 2008 akaachiwa huru. Hebu ona, chembe ilikuwa ya kweli, na bado haikuwa ushahidi wa chochote. Kwa hiyo unapomhoji mtaalamu usiishie kwenye "Je, hili lingetokea kama mteja wangu ana hatia?" Uliza na la pili, kama hana, lingetokea mara ngapi? Dhana yenu ya kutokuwa na hatia, ukiivua joho, ni hilo swali la pili.

Lakini kinachoninyima usingizi ni moto.

Wachunguzi wa moto walikuwa na imani ya zamani kwamba kioo cha dirisha kikikutwa na nyufa nyembamba tele kama utando wa buibui, basi kilipashwa joto ghafla, na joto la ghafla maana yake mtu amemwaga petroli. Inasikika kama fizikia. Mtu yeyote aliyefanya kazi na kioo angeishuku. Kioo huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa. Ukikipasha moto haraka, ngozi yake ya nje inataka kutanuka na kiini baridi kinaizuia, kwa hiyo ngozi inabanwa, na huo ni mzigo inaoubeba. Ukikipoza ghafla kikiwa cha moto, ngozi inataka kusinyaa na kiini bado kimetanuka, inavutwa, inapasuka kila mahali. Majaribio yakathibitisha kwamba utando ule huletwa na maji baridi kwenye kioo cha moto. Alama iliyosomwa kuwa ya mhalifu ilikuwa ya mpira wa zimamoto.

Oktoba 1991 moto mkubwa uliteketeza maelfu ya makazi kwenye vilima vya Oakland, California. Watafiti wakapita kwenye majivu na kukuta vioo vya utando, na springi za vitanda zilizolegea kwa joto, ambazo nazo zilihesabiwa kuwa dalili ya petroli, katika nyumba ambazo hakuna aliyekwenda kumwagia mafuta moja baada ya nyingine. Miezi miwili baadaye nyumba moja iliungua Corsicana, Texas, na watoto watatu wakafa. Miongoni mwa dalili alizosomewa baba yao, Cameron Todd Willingham, ni kioo cha utando. Aliuawa kwa sindano ya sumu, kwa hukumu ya mahakama, mwaka 2004, baada ya sayansi kuwa imeshabadilika. Sisemi ninajua kilichotokea usiku ule. Nasema kioo hakikujua.

Mwaka 2013 Texas ilitunga sheria inayomruhusu aliyefungwa kurudi mahakamani kama sayansi iliyomtia hatiani imebadilika. Hapo ndipo fani zetu zinapogongana, na nakiri upande wenu una hoja. Kesi lazima iishe siku moja, mwathirika apumzike, hukumu isimame. Kwetu hakuna kinachoisha, namba ya jana hupimwa tena kesho na hakuna anayeona aibu. Lakini kioo hakingoji rufaa, na mtu aliyezikwa hana pa kuikatia.

Sasa hiyo kesi yako ya mwezi ujao. Umeniambia ripoti ya mtaalamu ina kurasa mbili na imemalizia kwa "vielelezo vinafanana". Muulize amelinganisha na sampuli ngapi zisizohusika. Muulize kosa la kipimo chake ni kiasi gani, na kama aliyepima alijua tayari kipi kimetoka kwa mshtakiwa. Akikasirika, endelea. Akitulia na kutoa majibu, msikilize hata kama yanakuumiza, maana huyo anaijua kazi yake. Na usiridhike na kurasa hizo mbili. Namba ghafi hukaa kwenye jalada la maabara na hazifungwi pamoja na ripoti mpaka mtu aziombe kwa maandishi. Ziombe wiki hii, kisha nitumie nakala nizisome.

Mimi wako,
wa hadubini