Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kupanda Ol Doinyo Lengai

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Arusha. Mama yako ameniambia kwamba, baada ya kufika kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro, sasa unataka kuja na wenzako wa kazini kupanda Ol Doinyo Lengai, volkano hai iliyo karibu na Ziwa Natron, na kwamba umewahakikishia kuwa mlima wa mita 2,962 hauwezi kumshinda mtu aliyekwisha kusimama kwenye mita 5,895. Nimeona nikujibu hadharani, kwa sababu hesabu hiyo naisikia kila msimu kutoka kwa wageni wanaopita hapa mjini, na wengi wao hawajaambiwa kwamba mlima ule haupimwi kwa urefu wake.

Usiku wa mwisho wa Kilimanjaro, kutoka kambi ya Barafu hadi kileleni, mtu hupanda takriban mita 1,200, tena baada ya siku kadhaa za kuuzoesha mwili. Kwenye Lengai, gari litakushusha chini ya mlima, katika bonde lenye joto kali, nawe utapanda karibu mita 2,000 kwa mkupuo mmoja, kisha utazishuka zote asubuhi hiyo hiyo. Njiani hakuna kambi, hakuna chemchemi, wala hakuna mti wa kukupa kivuli. Upungufu wa hewa hautakusumbua sana. Kitakachokusumbua ni magoti.

Kutoka Arusha mtafuata lami kupitia Makuyuni hadi Mto wa Mbu. Hapo jazeni mafuta, maana mbele ni barabara ya vumbi inayoelekea kaskazini chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, ikipita Engaruka hadi Engare Sero, kijiji kilicho karibu na Ziwa Natron. Msije masika, kwa kuwa makorongo yanayokata barabara hiyo hujaa maji na gari linaweza kukwama kutwa nzima. Mtasimamishwa pia kwenye mageti ya ushuru, kila moja na risiti yake. Muulizeni wakala wenu mapema kama malipo hayo yamo katika bei aliyowapa, kwani hapo ndipo bajeti za watalii huvurugika. Mkiwa na muda, simameni Engaruka muone mawe ya mifereji na matuta waliyoyaacha wakulima walioishi pale karne kadhaa zilizopita.

Sasa nikueleze kwa nini wanasayansi huvuka bahari kuja kuuona mlima huu. Zaha ya volkano nyingi ni mwamba ulioyeyuka, wenye silika kwa wingi (madini yale yaliyomo kwenye mchanga na kioo), na joto lake aghalabu hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Zaha ya Lengai ina silika kidogo mno. Imejaa kaboneti za sodiamu na potasiamu, yaani ni jamaa ya magadi yale yale tunayoyajua, na hutoka ikiwa na joto la nyuzi kama 500 hadi 600 tu. Kwa hiyo haing’ari mchana. Hutiririka nyeusi na nyepesi kama oili chakavu, kisha ikipata unyevu wa hewa hugeuka nyeupe baada ya muda mfupi. Ule weupe utakaouona ukiwa barabarani, ambao wageni wengi huudhania theluji, ndio huo. Duniani kote hakuna volkano nyingine hai inayojulikana kutoa zaha ya namna hii.

Hata hivyo, usiamini picha za zamani zinazowaonyesha watu wamepiga mahema ndani ya kasoko, yaani lile shimo la kileleni. Picha hizo ni za kweli, lakini ni za enzi ambayo kasoko lilikuwa limejaa zaha hadi ukingoni. Septemba 2007 mlima ulilipuka kwa nguvu, ukarusha majivu kwa miezi kadhaa, na ulipotulia mwaka 2008 ulikuwa umeacha shimo refu lenye kuta za wima. Leo utasimama ukingoni na kutazama chini, ukisikia harufu ya salfa, na utasimama pale tu mwongozaji atakapokuonyesha, kwa sababu kingo hizo hubomoka.

Mwongozaji huyo awe mwenyeji wa Engare Sero, tafadhali. Kwa Wamasai huo ni Mlima wa Mungu, mahali wanapokwenda kuomba mvua na watoto; kwa hiyo muziki wa spika uacheni kambini, na chupa tupu mshuke nazo.

Mtaanza kupanda karibu saa sita usiku ili kulikimbia jua. Mwanzoni ni nyasi na majivu laini yanayokurudisha nyuma kila hatua. Juu zaidi majivu yameganda yakawa magumu kama saruji, yamechongwa na mvua kuwa vifereji, nawe utatambaa ukishika kwa mikono. Vaa glavu, kwani kokoto zake hukwaruza. Beba maji yasiyopungua lita tatu, na taa ya kichwani yenye betri za akiba. Kushuka ndiko kugumu zaidi: usiku giza lilikuficha mteremko, asubuhi unauona wote hadi chini, na juu ya ule ugumu kuna changarawe inayoteleza. Nenda taratibu, kisigino kwanza, wala usimfuate mtu kwa karibu, maana jiwe atakalolisukuma litakuwa lako au la aliye chini yako.

Pangeni kulala Engare Sero usiku unaofuata pia, msirudi Arusha siku hiyo hiyo. Jioni mkiweza kutembea, kuna maporomoko ya maji ndani ya korongo, kuna heroe (flamingo) ziwani, na kuna nyayo zaidi ya 400 za watu wa kale zilizohifadhiwa katika matope ya majivu ya volkano.

Julai au Agosti itafaa. Nijulishe idadi yenu mapema nikutafutieni Land Cruiser, na ile Noah ya rafiki yako itabaki hapa uani kwangu hadi mtakaporudi.

Mjomba wako,
Arusha