Rula ya sentimita 50

Mwanangu Kabula,

Huku Igombe hatujambo. Bibi yako miguu inamsumbua, lakini anatembea. Mvua zimeanza, dagaa wanakauka kwa shida.

Nataka turudi kwenye ule usiku wa likizo uliponikalisha mbele ya kompyuta yako. Nilikaa shingo upande, maana gemu nilizozijua ni zile za mabandani ambako watoto wanamalizia hela za daftari. Ukanifungulia Papers, Please, ukasema aliyeitengeneza mwaka 2013 ni mtu mmoja, Lucas Pope. Kazi yangu ikawa kukagua pasipoti mpakani. Akapita mwanamume, karatasi zake safi, akaniomba nimhurumie mkewe aliye nyuma yake. Mke akafika, hana kibali. Nikimpitisha, onyo. Maonyo yakizidi nakatwa mshahara, na nyumbani kuna mtoto anataka chakula. Nilishika kipanya muda mrefu mpaka ukasema, "Baba, foleni inasubiri."

Nikagonga muhuri wa kukataa.

Usingizi haukuja. Unajua mimi ni mtu wa BMU, kile kikundi cha kulinda uvuvi hapa mwaloni, mitumbwi inapotua. Rula yangu ni ya sentimita 50, sangara asiyefika hapo haruhusiwi. Mwaka juzi nilimkuta wa sentimita 46 kwenye mtumbwi wa jirani yetu, mkewe akiwa amelazwa. Nikamwandikia kosa. Sheria ile naitetea hadi leo, sangara akivuliwa kabla hajazaa tutabaki na maji matupu. Lakini miaka yote nilijiuliza swali moja tu: nimwachie au nimzuie? Gemu yako ikanipa lingine. Nani aliyeipanga kazi hii hivi, mkaguzi na mkaguliwa wote waumie? Rula inaishia mtumbwini. Gari linalokuja usiku kuwanunua wale wadogo halipimwi na mtu.

Mle kwenye gemu sheria mpya inaletwa asubuhi, nawe unafuata. Mimi kwenye mkutano wa mtaa bado naweza kunyoosha mkono. Sikuwa nimelitumia hilo hata mara moja, mama.

Sasa sikia. Ulinieleza kwamba tangu 2012 UN-Habitat, wale wa Umoja wa Mataifa wa mambo ya makazi, wanaitumia Minecraft, gemu ya kujenga kwa matofali, wakazi wenyewe wanajenga kwenye skrini jinsi wanavyotaka uwanja wao uwe, na kwamba hata Kibera kule Nairobi walifanya. Desemba uje na kompyuta. Akina mama wa dagaa waupange mwalo wetu: chanja zikae wapi wasianike tena mchangani, gari lipimwe wapi kabla ya kutoka. Mkutanoni kila mtu huongea akiwa na mwalo wake kichwani, tunaachana tumegombana bure. Wakiuona mmoja mbele yao, watajua wanabishania nini.

Chaja njoo nayo, umeme ukikatika kuna sola kwa jirani. Ni yule yule wa sentimita 46. Nimeshamwambia, akasema anataka kukaa mbele.

Baba yako