Wauza kamera watutajie milimita

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu kamera za dijitali zinazouzwa hapa Mombasa. Mteja akiingia dukani, jambo la kwanza analotajiwa aghalabu ni mara ngapi kamera inavuta picha karibu: mara 30, mara 50, hata zaidi. Huondoka akiamini kwamba tarakimu ikiwa kubwa ndivyo atakavyofikia mbali, na sivyo.

Tarakimu hiyo hupatikana kwa kugawanya urefu mkubwa wa fokasi ya lenzi kwa ule mdogo, basi. Urefu huo hupimwa kwa milimita: zikiwa chache lenzi huona upana, zikiwa nyingi huvuta mbali. Lenzi ya milimita 18 hadi 200 huhesabiwa mara 11, ilhali ya milimita 70 hadi 300 ni kama mara 4 tu, na bado hii ya pili ndiyo inayofika mbali zaidi, kwa kuwa 300 ni zaidi ya 200. Kuvuta kwa kidijitali ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa kamera hukata kipande cha katikati ya picha na kukipanua, kazi ambayo mtu angeifanya mwenyewe kwenye kompyuta bila kuilipia.

Kwa uzoefu wangu wa kupiga picha za mji na za harusi, hapa kwetu upande mpana wa lenzi ndio wenye kazi nyingi. Anayetaka mlango mzima wa nakshi katika vichochoro vya Mji wa Kale ataegemea ukuta wa pili kabla mlango haujaenea kwenye picha, na akiwa na lenzi inayoanzia milimita 70 ataambulia mfaa na komeo tu.

Harusini usiku tatizo ni mwanga. Lenzi ya kawaida ya milimita 18 hadi 55 hufunguka hadi f/3.5 ikiwa pana (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kupitisha mwanga ni kubwa), lakini ikivutwa hadi mwisho hubaki f/5.6, na mwanga unaopita hupungua hadi chini ya nusu. Shata, yaani kipazia kinachofunguka na kufunga kuingiza mwanga, hulazimika kukawia, na mkono wa bibi harusi ukisogea kidogo tu, hina yote hugeuka doa. Kitulizi kilichomo ndani ya lenzi huzuia mtikisiko wa mpiga picha, si wa anayepigwa. Afadhali kusogea karibu, au kutumia lenzi isiyovuta ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo hupitisha mwanga karibu mara 10 ya ile f/5.6 na bei yake si ya kutisha.

Sisemi lenzi ndefu haina kazi. Ukiwa Mama Ngina ukitazama meli zikiingia Kilindini, milimita 300 ni raha, mradi iwe asubuhi kabla joto halijaanza kuchezesha hewa juu ya maji, na shata isikawie zaidi ya 1/500 ya sekunde.

Anayenunua lenzi iliyotumika aimulike kwa tochi ya simu kutoka upande wa nyuma: akiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, ambayo unyevu wa pwani huilea vizuri mno, na airudishe hapo hapo.

Ninachowaomba wenye maduka ni kuandika milimita na namba ya f kando ya bei, na kumruhusu mteja apige picha moja mlangoni, lenzi ikiwa imevutwa hadi mwisho, aitazame vyema kabla ya kutoa pesa.

Mpiga picha,
Mombasa