Shee mwanangu, kabla hujatoa pesa ya hiyo rivolva

Asalaam aleikum mwanangu. Sisi huku wazima alhamdulillah, kusi ishaanza kuvuma na boti za Shela zimepunguza kutoka nje, mamako anakusalimu na anauliza kama huko Ohio unakula samaki au ni kuku tu kila siku.

Picha za hiyo rivolva unayotaka kununua nimeziona. Nimezitazama mara tatu hapa barazani nimevaa miwani ya mamako manake yangu ilikanyagwa na punda, usiulize. Webley Mark VI, ile ya Waingereza ya risasi za .455, nzuri kweli, na najua kwa nini unaitaka, ni ile picha ya babu yako na wenzake wa KAR, lile jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, kule Burma 1944. Lakini nikwambie ukweli, babu yako hakubeba rivolva hata siku moja, yeye alikuwa askari wa kawaida akapewa bunduki, hiyo unayoiona kiunoni ni ya yule ofisa mzungu aliyesimama kando. Sikukatishi hamu, nakwambia tu.

Kilichonitia shaka ni mng'aro. Mark VI zilianza kutoka 1915, sasa chuma cha vita ya kwanza kinang'aa vipi kama sufuria ya harusi? Unaikumbuka ile mashini ya boti niliyonunua wewe uko darasa la sita, hosi pawa 15, rangi mpya kabisa, nikalipa bila hata kuifungua kifuniko, siku ya nne tuko nje ya Manda ikakata, kuifungua nakuta chumvi ishakula ndani na mtu amejazia gundi ya chuma, tukarudi kwa kasia na mkondo unatupinga mpaka magharibi. Na mimi ndo mtu niliyekaa miaka stoo ya silaha ya polisi nikikagua vyuma vya watu. Tangu siku hiyo kitu chochote cha mkono wa pili naanza na skrubu. Vichwa vikiwa vimetafunwa ujue imefunguliwa na mtu asiyekuwa fundi. Tazama na zile herufi zilizochapwa kwenye chuma, zikiwa zimefifia na kona zimekuwa mviringo basi ilisagwa kutoa kutu ndo ikapakwa rangi. Namba za kwenye frem, mtutu na silinda, yaani lile gurudumu lenye vyumba sita vya risasi, ziwe moja.

Ukiishika, ifungue kwanza uhakikishe haina risasi, vyumba vyote sita, hata kama muuzaji amekufungulia yeye sahii hii mbele ya macho yako. Ile inakunjika katikati, kwa hivo ukiifunga shika mtutu mkono mmoja na mpini mkono mwingine uitikise, ikicheza pale kwenye bawaba au kwenye komeo ya juu imechoka hiyo. Ndani ya mtutu mulika na simu, vishimo vidogo vya kutu si neno sana kwa kitu cha umri huo, lakini ukiona pete nyeusi imezunguka pahali pamoja, hapo risasi iliwahi kukwama na mtu akapiga nyingine juu yake, mtutu umefura. Achana nayo.

Alafu omba ruhusa uvute nyundo, ile ya nyuma inayogonga risasi, kwa dole gumba, polepole kama unavuta mshipi samaki akionja, na kidole cha mkono wa pili kiegemee silinda kidogo kuizuia. Silinda lazima ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho. Ikichelewa ina maana chumba hakijakaa sawa na mtutu, risasi inaingia kwa kukwaruza na vipande vinaruka pembeni kwa aliyesimama karibu. Fanya vyumba vyote sita usichoke, manake mara nyingi ubovu uko kwa kimoja tu. Nyundo ikiwa nyuma isukume mbele kwa gumba bila kugusa triga, ikianguka rudisha mezani useme asante. Ule mwanya wa silinda na mtutu pima na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, thau sita hivi (sehemu sita za elfu za inchi) sawa, ikipita kumi kunja uso.

Sasa kubwa lenyewe. Webley nyingi zilizofika Marekani zilikatwa mgongo wa silinda ili zile risasi za Kimarekani za .45 ACP ziingie na vibanio vyake vya nusu mwezi. Zinaingia, ndio, lakini .45 ACP ya kiwandani ina nguvu kupita ile Webley iliyopimiwa, na chuma chenyewe kina miaka mia na zaidi. Muulize muuzaji imekatwa au haijakatwa, akikujibu "tia .45 yoyote" toka dukani. Ukishainunua mtafute fundi wa bunduki aiangalie kabla hujapiga hata moja, na ulize sheria ya hapo ulipo, hii si ya kabla ya 1899 kwa hivo kwa sheria ya Marekani haihesabiki antiki.

Na usinifanyie surprise ya kuja nayo likizo. Hapa bila cheti ni jela, hata ukisema ni ya babu.

Nirekodie video hiyo nyundo ikivutwa, pole pole, karibu, na sauti iwepo nisikie klik. Mamako anasema utume na pesa ya miwani.

Babako