Usiyakate bado

Raskazone, Tanga
16 Novemba

Shoga yangu Zuhura,

Salaam aleikum. Sisi huku wazima, hofu ni kwenu mlio mbali na baridi hiyo. Mvua za vuli zimeshika, uani kwetu tope tupu.

Barua yako imenifikia, nikacheka, kisha nikaona vibaya kucheka. Unasema jalidi ya kwanza, ule umande unaoganda usiku, imeyapiga yale maua ya krisanthemu niliyokuachia Hamburg, majani yamekuwa meusi kama mchicha uliounguzwa, na wewe umeshashika mkasi. Weka mkasi chini, shoga. Hayajafa. Kilichokufa ni cha juu, uhai umeshuka mizizini. Mwaka wangu wa kwanza huko nilikata yote mpaka usawa wa udongo, nikafagia, nikajiona hodari wa usafi. Aprili hakikuchipua kitu. Kumbe vile vijiti vikavu ndivyo vinavyonasa majani yanayopukutika na theluji, mizizi ikapata shuka la kujifunika.

Tena mimi naona baridi inasingiziwa mengi. Adui mkubwa ni maji yanayotuama, maana mizizi iliyolala kwenye tope huoza. Wa pili ni kule kuganda na kuyeyuka: leo udongo unaganda, kesho jua linatoka, keshokutwa unaganda tena, na kila ukivimba unausukuma mmea juu mpaka mizizi inabaki wazi. Kwa hiyo matandazo ya kufunika udongo hayawekwi kupasha joto, yanawekwa ili udongo ukishaganda utulie hivyo hivyo. Usikimbilie sasa. Ngoja ardhi ishike ugumu, ndipo umwage majani makavu, kina cha sentimita 10 hadi 15, na juu yake ulalishe matawi ya msonobari yasipeperuke.

Ya vyunguni mambo mengine, kwani chungu kinapigwa na baridi pande zote. Yapeleke stoo ya chini, penye nyuzi 2 mpaka 7 hivi. Giza si neno, yamelala. Kila wiki tatu au nne tia kidole kwenye udongo, ukiona umekauka kabisa, kikombe kimoja cha maji kinatosha. Sebuleni karibu na hita usiyaweke, yataamka kabla ya wakati na kurefuka kama uzi. Usiyafananishe na yale maua ya zambarau ya dirishani kwako, ambayo Wajerumani wanayaita kwa jina la Usambara yetu. Hayo ni ya huku huku kwetu. Bwana von Saint Paul-Illaire, yule mtawala wa Kijerumani wa enzi za ukoloni, aliyapeleka kwao kwenye miaka ya 1890, na mpaka leo baridi hayajaizoea. Hayo ndiyo ya kulala ndani.

Lile krisanthemu ulilonunua Oktoba likiwa limejaa maua tele, sikuahidi. Nguvu zote ziliishia kwenye maua, mizizi haikupata muda wa kushika. Mwakani panda mapema, jalidi zikishakwisha.

Mimi huku sisumbuliwi na baridi, nasumbuliwa na usiku. Nilipata miche michache ya krisanthemu kutoka Lushoto nikaipanda kwenye makopo ya rangi. Ua hili huhesabu giza: usiku ukirefuka ndipo hutoa matumba. Sasa Tanga mchana na usiku karibu ni sawa mwaka mzima, na usiku huo kwake ni mrefu wa kutosha, basi mche una urefu wa shubiri tu na tayari umejitwika matumba! Nikawasha taa barazani saa nne mpaka saa nane usiku ili kuidanganya. Majirani wakauliza nani anaoa. Umeme wa LUKU ukaisha katikati ya mwezi, mume wangu akaniuliza kama maua ndiyo yatakayolipa. Taa nimezima. Asumini yangu haijawahi kuniomba taa.

Aprili ukiona machipukizi yanatoka pembezoni mwa shina, hapo ndipo ukate vijiti. Chimbua, gawa, tupa kile cha katikati kilichozeeka. Kisha donoa ncha mpaka mwanzoni mwa Julai, yapate kutanuka.

Na kile chungu changu cha udongo chenye nakshi, kimwage na ukiingize ndani usiku huu huu. Maji yakiganda humo kitapasuka, na kile nilikipakata kwenye ndege tangu Dar mpaka huko.

Wako,
Mwanaidi